Bangi ya Mama Kiongozi

Kwa miaka kumi na tisa Nofundile aliiombea bangi yote ya kijiji cha Mtshayelo inyauke, na kwa miaka kumi na minane Mungu alimsikiliza kwa adabu kisha akaendelea na shughuli zake. Mwaka wa kumi na tisa akamjibu. Alhamisi moja ya Machi, akina mama wa Umoja wakiwa bado wamepiga magoti na blauzi zao nyekundu, mvua ya mawe ilishuka kutoka vilimani, ikaruka mahindi ya chifu, ikaruka kabichi za mchungaji, ikaenda moja kwa moja kwenye bustani ya bangi ya Thozama na kuisaga kama mchicha wa kuliwa na mgonjwa. Watu waliona. Kule dukani waliongea mpaka mkate ukaisha.

Sasa Nofundile huyo huyo, mwaka mmoja haujatimia, alikuwa na miche minne ya bangi kwake, na miche ilikuwa inaumwa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Chanzo kilikuwa magoti. Nofundile, ambaye watu humwita MaBhele kwa heshima ya ukoo wa kwao, ndiye kiongozi wa Umoja wa Akina Mama pale kanisani, na kazi kubwa ya kiongozi iko Ijumaa Kuu. Siku hiyo baada ya mahubiri yeye hupita mbele, hupiga magoti sakafuni, na akina mama wote hupiga magoti nyuma yake. Anaomba yeye, wengine wanaugulia na kuitikia. Hakuna anayeinuka kabla yake, hata paa likishika moto. Pasaka ya mwaka ule wa mvua ya mawe magoti yalikataa kushuka. Aliomba kasimama, kashikilia mgongo wa benchi kama mlevi aliyekutana na mlingoti, na baada ya amina Nombeko alimfuata. Nombeko ni katibu wa Umoja, mwanamke mwenye sauti ya asali na kumbukumbu ya karani wa mahakama.

“Pumzika sasa, MaBhele,” alisema akimpapasa mkono. “Beji hiyo ina uzito wake.”

Mwezi uliofuata kikao kikapitisha kwamba kiongozi asiyepiga magoti Ijumaa Kuu atakabidhi beji siku hiyo hiyo. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Nofundile naye alinyoosha wa kwake, maana ungebaki chini peke yake.

Beji yenyewe ni kipande cha bati. Lakini chai ya Alhamisi hufuata beji. Kila Alhamisi nyumba ya kiongozi hujaa akina mama, mikate ya mvuke, birika mbili na habari za watu. Kila anayetaka kuolewa, kuachwa au kusengenywa lazima apitie kwenye kochi lile. Mume wa Nofundile alikufa miaka sita iliyopita, ng'ombe wakafuatana naye mmoja mmoja, na mabinti wako Durban, wanapiga simu Jumapili huku wanatafuna. Bila Alhamisi angebaki na redio. Na redio haijibu ukiiuliza nani amemrudisha mke kwao.

Basi akatokea shemeji yake, Sizinzo, mdogo wa marehemu, mtu anayejua kila ua lenye pombe kwa umbali wa mguu. Alimletea kopo la zamani la rangi ya viatu, ndani mna mafuta ya kijani.

“Dawa gani hii?”

“Ya kupaka.”

“Ya kupaka ya nini?”

“Shemeji, una magoti au una maswali?”

Alipaka wiki mbili. Maumivu hayakuondoka, ila yalishusha sauti. Aliweza kuteremka ngazi za duka bila kumtaja shetani. Kopo lilipokaribia mwisho ndipo Sizinzo akasema ukweli, kwamba mafuta yametoka kwa Thozama, na kijani ile ni bangi iliyopikwa na mafuta ya kondoo. Nofundile alitubu siku nzima. Kesho yake alikwangua kopo kwa mpini wa kijiko, siku ya pili akavaa viatu na kwenda kwa Thozama, Sizinzo nyuma yake kama shahidi.

Thozama alikuwa uani anapepeta maharage. Hakuinuka.

“Karibu, MaBhele. Umekuja kuniombea tena?”

“Nimekuja kukusalimu, MaJola,” alisema Nofundile, akimwita kwa ukoo wake.

“Miaka kumi na tisa hujanisalimu. Magoti yanasemaje?”

Nofundile alimgeukia Sizinzo, ambaye ghafla alikuwa anapendezwa sana na kuku.

“Yanataka ile dawa,” akasema.

“Dawa hakuna.”

“MaJola, nakuomba. Mimi ni mtu mzima na nimekuja kwa miguu yangu.”

“Hujanisikia. Sikunyimi. Hakuna. Kopo lile lilikuwa la mwisho, huyu mlevi wenu alinililia nikampa. Mavuno yangu unayajua yalikokwenda. Mungu wako ana shabaha, hapo nampa sifa yake.”

Nofundile alitafuta pa kuangalia. Maharage yalikuwa yanaruka kwenye ungo, yanatua, yanaruka.

“Nifanye nini sasa?”

“Otesha mwenyewe. Siku hizi sheria imelegea, mtu mzima anaotesha nyumbani kwake kwa matumizi yake.” Thozama alifungua kichupa cha ugoro na kumhesabia mbegu nne kiganjani. “Panda mvua za Novemba zikishalowesha ardhi. Jua tele, na udongo usiotuamisha maji. Ukiona jani halieleweki, njoo.”

“Nimelima mahindi maisha yangu yote, MaJola. Jani nitalielewa.”

“Haya,” alisema Thozama. “Nitakungoja.”

Tatizo la kwanza likawa ni mahali. Bustani ya Nofundile iko njiani, na hapa kwetu mtu hapiti bila kuingia, haingii bila kuchungulia. Sehemu moja tu kwenye boma lile haikuwa na wapita njia: zizi la marehemu. Kuta za mawe hadi kifuani, udongo mweusi wa samadi ya miaka arobaini, jua kutwa. Ila zizi ni la wanaume wa nyumba na wazee wao waliozikwa kando yake. Mwanamke aliyeolewa hapo halikanyagi. Nofundile alikaa kwenye ndoa miaka thelathini na nne, akaongeza sita za ujane, na mguu wake haukuwahi kuvuka lango lile, hata siku ndama aliponasa akawa analia humo mchana kutwa na yeye yuko peke yake nyumbani.

Kwa hiyo hakuvuka. Alipanda akiwa nje. Aliinama juu ya ukuta, akatoboa udongo kwa mpini wa jembe, akadondosha mbegu, akazifukia kwa ncha ya fimbo. Kopo la maji alilifunga kwenye mti mrefu wa kukaushia nguo, akawa anamwagilia kama mtu anayevua samaki. Wakwe hawakuvunjiwa heshima, Umoja haukuona kitu, na mbegu zote nne zikaota. Kufikia Januari miche ilimfika begani na kuanza kunuka, na Nofundile akaanza kuwaambia wageni kuwa kuna kicheche amefia mahali.

Februari mvua ikakata. Vumbi la barabara likawa linakaa juu ya kila kitu. Asubuhi moja aliona majani ya chini yana vidoa vyeupe, vidogo kama chumvi iliyomwagika. Baada ya siku tatu vidoa vilipanda ghorofa ya pili. Majani yakawa ya manjano, yanajikunja kingo.

Kwanza alifikiri ni baba mkwe, aliyezikwa kando ya zizi, amekasirika. Mzee yule alikuwa mkali kwa chumvi hata alipokuwa hai. Halafu akaona watuhumiwa wa kushikika: vidudu vya duara, mgongo kama wa kobe, vyekundu vyenye madoa meusi, vinatembea juu ya majani bila haya. Alichukua ufagio, akawa anavipangusa vidondokee kwenye kopo la maji ya moto lililofungwa kwenye ule mti wa nguo. Alivua vidudu thelathini na saba kwa siku mbili, akajiona jemadari. Kisha, kwa kuwa mama yake alikuwa akitia majivu kwenye mahindi kuzuia viwavi, alileta karai la majivu na kuyarusha juu ya ukuta kwa koleo. Miche ikageuka kijivu. Yeye pia.

Wiki iliyofuata vidoa vilikuwa vimefika kileleni, na kati ya matawi kulikuwa na kitu kama uzi wa buibui.

Hapo kiburi kilimshuka. Alichuma jani moja la ukutani, akalibana ndani ya kitabu chake cha nyimbo ili Sizinzo alipeleke kwa Thozama. Sizinzo siku hiyo alikuwa kwenye matanga, yaani kwenye pombe ya matanga. Ikaja Alhamisi, Nofundile akabeba kitabu kanisani bila kukumbuka, akafungua wimbo wa kwanza mbele ya akina mama ishirini na sita, na jani la vidole saba likaelea taratibu mpaka miguuni mwa katibu.

Nombeko aliinama. Alilishika kwa kikonyo, akalitazama juu, akaligeuza akalitazama chini, akamrudishia.

“Alama yako ya ukurasa, Mama Kiongozi.”

“Asante. Ni dawa ya kunguni.”

“Kunguni wana bahati,” alisema Nombeko, na wimbo ukaanza.

Nofundile aliahirisha chai ya siku hiyo kwa kusingizia kichwa. Alitoka na blauzi yake nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe iliyopigwa wanga, akaenda moja kwa moja kwa Thozama, na safari hii hakusalimu kwa jina la ukoo wala la kanisani.

“Nimekuja,” akasema.

Thozama alilipokea jani, akalisogeza mbali na macho, akalileta karibu. “Limekauka hili. Na umelipaka nini?”

“Majivu.”

“Kwa nini?”

“Mama yangu alikuwa—”

“Mama yako alikuwa anafukuza viwavi kwenye mahindi, Mungu amrehemu. Vumbi kwenye bangi ni kuwaandalia wadudu karamu. Umeona wadudu?”

“Wengi. Wekundu, wa duara. Nimewaua wote.”

Thozama aliweka jani chini. “Wenye madoa meusi?”

“Hao hao.”

“MaBhele. Hao ni walinzi. Wanakula vijidudu vinavyonyonya majani. Umeona mdudu kavaa nyekundu na nyeusi kama mama wa Umoja, ukammwagia maji ya moto.” Alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. “Na chini ya majani umekuta nini?”

“Chini sijaangalia.”

“Kwa nini?”

Ikabidi aeleze habari ya ukuta, fimbo na mti wa nguo. Thozama alicheka hadi akakaa kwenye ndoo. Halafu akavaa buti zake za mpira, wakaenda.

Wakiwa ukutani, Thozama aliitazama miche kwa muda mrefu kuliko Nofundile alivyopenda. “Nikisema ninachofikiri nitakuwa nabahatisha. Mtu aingie ageuze jani. Mimi siingii zizi la watu. Wewe ndiye mwenye boma.”

“Mimi ni mke hapa.”

“Basi tafuta mwanaume wa kukuombea ruhusa.”

Mwanaume aliyekuwepo ni Sizinzo, aliyefika kutoka matangani mtungi wake wa pombe bado una robo. Alivua kofia, akasimama langoni, akamwaga kidogo chini, kidogo sana, na kuzungumza na wazee kwa sauti ya mtu anayeita jirani.

“Baba, ni mimi. Ndiyo, nimekunywa, tusiongelee hilo. Huyu hapa ni mkwenu MaBhele. Ng'ombe wameisha, kaka ameisha, mimi mwenyewe naelekea huko. Zizi linaota majani. Anaomba aingie atibu majani ili yamtibu magoti. Hajawahi kuwadharau, mnajua, amemwagilia kwa fimbo miezi mitatu mkimtazama, na najua mlicheka. Mkikataa semeni sasa.”

Wakangoja. Mbuzi alikohoa mahali.

“Hawajakataa,” alisema Sizinzo, na kumalizia mtungi.

Nofundile alivuka lango. Alitegemea moyo ushtuke, au ardhi. Hakuna kilichoshtuka. Udongo ulikuwa laini na wa uvuguvugu, na alijisikia kama mtu aliyeingia chumba cha wakwe akawakuta wamelala.

“Inama,” alisema Thozama kutoka ukutani. “Majani ya chini kabisa ndiyo yanayosema.”

“Siwezi kuinama nikaona. Inabidi nipige magoti.”

“Basi piga. Umekuja kwa ajili ya nini?”

Alishuka kwa awamu tatu, mkono kwenye paja, mkono kwenye nguzo ya lango, na mwisho kuachilia. Akageuza jani. Aliona uzi mwembamba na vumbi. “Hamna kitu. Vumbi tu.”

“Vua kofia. Ilaze chini ya jani, halafu gonga jani kwa kidole.”

“Kofia ya Umoja?”

“Una nyingine nyeupe?”

Akavua. Akagonga. Vumbi likadondoka juu ya kitambaa cheupe, na likaanza kutembea.

Nofundile alisogeza uso karibu. Nukta ndogo kuliko ncha ya sindano, kumi, ishirini, zinapanda mikunjo ya wanga kama watu wanaowahi mnadani.

“Zinatembea,” alisema.

“Pitisha kidole.”

Alipitisha, na kofia ikabaki na mchirizi wa rangi ya kutu.

“Utitiri,” alisema Thozama. “Anakaa chini ya jani, anafyonza, anataga, anasuka nyumba. Anapenda ukame na vumbi. Umempa vyote, na ukamwondolea walinzi. Usingekuwa mcha Mungu ningesema umetumwa.”

Kuinuka ndiko kulikuwa kazi. Ikabidi Thozama naye aombewe ruhusa, Sizinzo akapiga magoti langoni kulamba mtungi uliokwisha akidai ni ibada, na Thozama akaingia, akamshika Nofundile chini ya makwapa kwa nyuma. “Moja. Mbili.” Hakufika tatu, alimnyanyua kwenye mbili, wakati hajajiandaa kupinga.

Kuanzia siku hiyo, kila baada ya siku mbili, kabla jua halijatoka, Nofundile alikuwa zizini amepiga magoti juu ya gunia la maganda ya mahindi. Kwanza aliosha majivu. Majani yaliyochakaa kabisa aliyachuma, akayafunga mfukoni na kuyachoma. Halafu chupa ya kupulizia, ile ya binti yake ya nywele: maji na sabuni kidogo ya mche iliyokwanguliwa, kidogo kiasi cha kuteleza vidoleni tu, mdomo wa chupa ukiangalia juu, jani kwa jani, upande wa chini. Siku moja alichelewa akapulizia saa sita mchana, akaongeza sabuni kufidia, na tawi zima likaungua. Thozama alilitazama tawi, akasema, “Hata nguo huzianiki na povu.” Ardhi ya pembeni aliiloweka ili vumbi lisiruke. Na kila mara kofia, kugonga, kuhesabu. Ishirini. Kumi na mbili. Nane, halafu tena kumi na tisa.

“Mbona wamerudi?”

“Hawajarudi, wameanguliwa. Sabuni haiui mayai. Ndiyo maana tunarudia, MaBhele. Ulidhani ni ubatizo, mara moja basi?”

Mwanzoni mwa Machi walibaki wawili. Kisha siku moja akagonga jani, kikadondoka kidudu kimoja cha duara, chekundu, chenye madoa meusi. Nofundile alikinyanyua kwa ukucha, akakirudisha juu ya jani na kukiomba radhi.

Maua yakaanza, meupe na yenye nywele. Thozama akapiga marufuku sabuni. Sasa ni macho tu na vidole, kutoa kiwavi mmoja mmoja kabla hajachimba ndani ya ua na kuliozesha. Siku hizo walikuwa wanakaa zizini hadi jua likichomoza, wanasengenya, kwa sababu huwezi kutafuta viwavi na mdomo umefungwa. Nofundile alijua mambo ya kanisa, Thozama alijua mambo ya wale wasiokwenda kanisani, na wakijumlisha walikuwa na kijiji kizima.

“Ijumaa Kuu imebaki wiki tatu,” alisema Nofundile asubuhi moja. “Tuvune lini?”

Thozama alimwacha kiwavi aliyekuwa amemvuta nusu njia. “Ulipanga kuvuna kabla ya Ijumaa Kuu?”

“Mahindi ya Novemba yanakuwa yameshaliwa.”

“Hii si mahindi. Tazama nywele, bado nyeupe. Zikishageuka kahawia nyingi, ndiyo. Mwisho wa Aprili. Halafu kukausha kivulini wiki mbili, ndipo kupika.”

Nofundile alihesabu kwa vidole vyenye utomvu, akahesabu tena kwa mkono mwingine. “Kwa hiyo dawa sina.”

“Huna.”

“Na wewe huna.”

“Mimi ningekuwa nayo,” alisema Thozama kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi. Wakarudi kwenye viwavi.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa hadi dirishani. Watu walikuwa wamekuja kumzika Yesu, na pia kuona kama MaBhele ataanguka. Mchungaji alipomaliza, Nofundile alipita mbele. Kofia yake ilikuwa nyeupe kasoro mchirizi mmoja wa kutu uliokataa kufuliwa mara tano. Alisimama. Mkono kwenye paja. Magoti yalilalamika lakini yalikuwa yanaijua njia. Yalishakwenda zizini mara kumi na tisa. Alishuka. Kwa nyuma alisikia blauzi ishirini na sita zikishuka naye, na pumzi ya Nombeko, iliyokaa karibu sana.

Aliomba vizuri. Aliombea wajane, walioko migodini, wagonjwa. Akafika mwisho, akavuta pumzi ya kusema amina, akanyoosha mkono kutafuta nguzo ya lango.

Hapakuwa na nguzo. Mbele yake kulikuwa na sakafu tupu, na madhabahu hatua sita mbali.

Basi akaendelea. Aliombea shule. Aliombea bomba la maji, na fundi wa bomba, na mke wa fundi wa bomba ambaye watu walikuwa hawajui kama ana shida. Aliombea trekta la chifu. Aliombea mbuzi. Nyuma yake kuugulia kulibadilika. Mwanzo kulikuwa kwa roho, sasa kulikuwa kwa viuno.

“Sema amina, MaBhele,” alinong'ona Nombeko.

“Siwezi.”

“Huwezi nini?”

“Kuinuka,” alinong'ona Nofundile, na kwa sauti kubwa akaombea mataifa ya mbali.

Mwanamke mmoja alilala kifudifudi akasingizia Roho. Mchungaji alitazama saa, akaficha mkono. Nofundile alikuwa ameshawaombea watu wote aliowajua, hai na maiti, na kichwani mwake kulikuwa kumebaki jina moja tu. Aliling'ang'ania kwa muda. Halafu likatoka lenyewe.

“Na MaJola, Bwana. Thozama. Nilikuomba umpige, ukampiga. Sikujua ninachoomba. Nilikuwa naona juu tu. Bustani yake ilikuwa dawa za watu, na mwaka huu wamekaa na maumivu yao kwa sababu yangu. Ulichomwangushia, mrudishie mara mbili. Na mimi yale ninayootesha kwenye zizi la wakwe zangu, unayajua, na wanayajua nusu ya hawa walio nyuma yangu, basi na iliyobaki ijue.”

Juu, bati la paa lilitanuka juani. Kisha mlangoni, buti za mpira. Zilikuja katikati ya mabenchi bila haraka, pwah, pwah, zikasimama nyuma yake. Mikono miwili ikaingia chini ya makwapa.

“Nilikuja kuona kazi yangu inasimamaje,” alisema Thozama sikioni. “Naona imekwama. Moja.”

“Amina,” alisema Nofundile.

“Mbili.”

Blauzi ishirini na sita zilijibu amina kwa shukrani ambayo kanisa lile halikuwahi kuisikia, na zikawa zinanyanyuana kwa dakika nzima. Nombeko ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, ikabidi mchungaji amsaidie.

Beji haikuulizwa. Kiongozi alipiga magoti, na kwa muda ambao hakuna aliyetaka kuujadili.

Jumamosi asubuhi Nofundile alikuwa zizini, juu ya gunia, aliposikia mtu anakohoa nje ya ukuta. Alikuwa Nombeko, na kofia yake nyeupe, mkononi leso iliyokunjwa mara nne.

“Sikuja kwa habari ya jana,” alisema.

“Sawa.”

“Kuna mtu ninayemjua.” Alifungua leso kwenye ukuta. Lilikuwamo jani la vidole saba, la manjano, legevu kama soksi. “Amejaribu kuligeuza, chini hamna kitu. Hajui afanye nini.”

Nofundile alikumbuka ile Alhamisi, jani likiokotwa sakafuni na kugeuzwa na mtu ambaye hakutakiwa kujua kugeuza. Alinyoosha mkono.

“Lete kofia.”

“Kofia yangu?”

“Una nyingine nyeupe?”

Nombeko akavua. Nofundile aliilaza juu ya jiwe, akagonga jani mara tatu, na wakainamia wote wawili, vichwa karibu kugongana, wakangoja. Hakuna kilichotembea.

“Huyo mtu wako,” alisema Nofundile, “anamwagilia mara ngapi?”

“Asubuhi na jioni.”

“Anauzamisha mche. Aache mpaka udongo ukauke kiasi cha kidole kizima. Aanze leo.”

Nombeko alipangusa kofia yake, ingawa haikuwa na kitu, akaivaa na kuinyoosha. Hakuondoka. Alichungulia juu ya ukuta, akaitazama miche minne yenye maua ya kunata, kisha akamtazama kiongozi wake aliyekuwa bado chini.

“Huko unainukaje, MaBhele?”

“Zunguka uingie langoni,” alisema Nofundile. “Lakini kwanza kamwamshe Sizinzo.”